Robo Isiyotakiwa

Jirani yangu wa upande wa bahari, mzee aliyeacha useremala wa majahazi miaka mingi iliyopita na ambaye hapiti penye banda langu pasi na kusimama, aliniuliza jioni moja ya kusi swali ambalo kwanza nililidhania mzaha, nalo hata leo halijanitoka kifuani. "Mwalimu," alisema, "kuku hawa wako hawachinjwi, mayai yao madogo kama ya kanga, na sijapata kukuona ukiwafunga miguu kwenda nao sokoni. Wawafuga kwa nia gani?" Nikamjibu, "Wanapendeza, mzee wangu." Akawatazama kitambo, akasema, "Haya, kupendeza nako ni jambo. Na wasiopendeza je?" Kisha adhana ya magharibi ikamchukua, akaenda zake.

Nakaa Mbweni, ile ya Kinondoni na wala si ile ya Unguja, na kuku ninaowafuga ni hao ambao watu huwaita kuku wa mapambo: brahma, ambao miguu yao imevikwa manyoya hadi vidoleni mfano wa mtu aliyevaa suruali ndefu, silki, wenye manyoya laini kama sufi, ngozi nyeusi, na vidole vitano mahali pa vinne, na kidimu, kuku wetu wa siku zote, ambaye manyoya yake yamepinduka kuelekea kichwani kana kwamba daima upepo unamjia kutoka nyuma. Nakiri kwamba brahma nilimnunua kwa tamaa ya macho. Kuku ambaye uzuri wake wote ni koti, kumleta mahali ambapo kaskazi ya Januari humfanya hata kanga atafute kivuli, ni jambo ambalo mwenye akili angelifikiri mara mbili; nami nililifikiri baada ya kulipa.

Swali la kwanza la mzee, la nia, halikunisumbua sana, kwa kuwa nilikwisha kulitafutia jawabu katika vitabu kabla hajaniuliza, kama ilivyo desturi ya mtu atakaye kufanya alichokwisha kukitia moyoni. Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa kwa Anas bin Malik yumo mdogo wake, Abu Umair, mtoto aliyekuwa na kindege cha kuchezea, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtania kwa kumuuliza habari za kindege hicho. Maneno ni machache mno, lakini Ibn al-Qass wa Tabaristan, faqihi wa karne ya nne ya Hijria na wa madhehebu hayahaya ya Shafii yanayofuatwa katika pwani yetu, aliyatungia risala nzima, akatoa humo faida zaidi ya sitini. Na katika yale ambayo wanazuoni wameyatoa katika hadithi hii ni kwamba kuweka ndege kwa ajili ya kuliwaza moyo si haramu maadamu hateswi. Kadhalika Sura ya An-Nahl, inapotaja manufaa ya wanyama, haiishii kwenye nyama na mizigo, bali inautaja pia uzuri wao warudipo jioni na watokapo asubuhi. Nilipoyasoma hayo niliona nimepewa ruhusa, nikafunga kitabu mapema kuliko ilivyopasa.

Wala kupenda pambo lililovuka bahari si jambo geni kwetu. Kunduchi, ambako si mbali na hapa, yapo makaburi ya karne ya 18 ambayo nguzo zake zilipachikwa sahani za Kichina, na nyingine zikang'olewa baadaye na watu waliopenda sahani kuliko maiti. Mifupa ya kuku nayo imefukuliwa Unguja Ukuu katika matabaka ya karne ya saba na ya nane, na asili ya kuku wote ni misitu ya kusini-mashariki mwa Asia. Hivyo huyu tumwitaye wa kienyeji ni mgeni aliyekaa sana, na kuchi wa Unguja na Pemba, mrefu wa shingo na mkali wa macho, bado anafanana kwa umbo na kuku wa kupiganisha wa huko Asia kuliko anavyofanana na mtetea wa jikoni. Sahani na kuku vilipanda merikebu moja. Tofauti yao ni hii tu, kwamba sahani ikivunjika hailii.

Nitaje pia tausi, maana kila ninapozungumzia habari hizi hutokea mtu akanitajia tausi wa Ikulu, ambao mwaka 2020 baadhi yao walitolewa zawadi kwa marais wastaafu. Tausi, husema, ni pambo tupu, na hakuna aliyewahi kulaumiwa kwa ajili yake. Kweli, lakini tausi alikuja na mkia wake. Hakuna mfugaji aliyeketi vizazi na vizazi akimtengeneza, na ikiwa Darwin alisema kweli katika kitabu chake cha 1871, waliomtengeneza ni tausi majike wenyewe, kwa kumkubali huyu na kumkataa yule. Ninapenda kulifikiri jambo hilo, kwa sababu dume aliyekataliwa na jike huondoka akaenda kula wadudu kichakani, akaishi umri wake. Huyo hakataliwi uhai, amekataliwa ndoa. Mimi nikikataa, nakataa kwa namna nyingine.

Vifaranga wangu wa kwanza niliwachukua kwa mtotoleshaji mmoja wa mjini, kumi na wanane katika boksi lenye matundu, wote wa siku moja. Yai hukaa siku 21, na katika mashine huwekwa kwenye joto la nyuzi 37 na nusu hivi, likigeuzwageuzwa hadi siku ya 18, kisha huachwa litulie. Siku ya mwisho, kabla kifaranga hajalivunja ganda, kiini kilichosalia huvutwa ndani ya tumbo lake, kikawa masurufu ya kumtosha siku mbili au tatu pasi na chakula wala maji. Hikima ya jambo hili kwa koo aliyeatamia iko wazi: wa kwanza kutoka hungojea chini ya mbawa mpaka ndugu zao waliochelewa nao watoke, mama asilazimike kuwaacha hawa ili awalishe wale. Ni rehema iliyowekwa kwa ajili ya waliochelewa. Nasi tumeichukua rehema hiyo tukaifanya nauli, kwa kuwa bila ya akiba hiyo kifaranga asingeweza kutiwa boksini, akapakiwa garini, akavushwa mipaka.

Na katika mpaka mmoja, Namanga, mwezi wa Oktoba 2017, vifaranga 6,400 waliotoka Kenya walikamatwa na serikali yetu, wakateketezwa kwa moto, kwa hoja ya kuzuia maradhi, hasa mafua ya ndege. Sina ubishi na hofu ya maradhi. Aliyepata kuamka akalikuta banda lake limelala lote kwa mdondo haidharau karantini, nami kila miezi mitatu huwatia wangu tone moja la chanjo jichoni. Lakini zipo hadithi zinazokataza kuadhibu kwa moto, kwa kuwa adhabu hiyo ni ya Mola wa moto peke yake, na mojawapo ilisababishwa na kichuguu cha sisimizi tu. Jirani yangu aliposikia habari ya Namanga aliuliza jambo moja: je, mbao mbovu huchomwa kwa kuwa zina dhambi? Nilimwelewa. Hasira ya watu ilikuwa juu ya serikali na wafanyabiashara, juu ya shilingi zao na zetu. Vifaranga walikuwa katika habari hiyo kama vile mzigo ulivyo katika habari ya gari lililopinduka.

Narudi kwangu, maana kumlaumu mwenye moto ni rahisi. Mwaka wa pili nilimpandisha jogoo wa kidimu kwa mtetea wa kidimu, nikitumaini kwa hesabu ya kijinga kwamba uzuri ukijumlishwa na uzuri hutoa uzuri maradufu. Katika vifaranga kumi na wawili waliotoka, mmoja baada ya mwingine manyoya yalipoanza kuota, watatu walikuwa na manyoya laini ya kawaida, sita walikuwa vidimu kama wazazi wao, na watatu wakawa viumbe ambao sikuwa na jina lao: unyoya wao ulikuwa mwembamba kama uzi, ukikatika ukiguswa, hata wakabaki karibu uchi. Ilikuwa masika. Walitetemeka chini ya balbu ilhali wenzao walikuwa wakilikimbia joto lake, na wawili wakafa.

Niliposoma baadaye nikajua kwamba haikuwa bahati mbaya. Wanasayansi Landauer na Dunn waliandika mwaka 1930 kwamba kidimu ni kuku aliyerithi sababu ya kupinda unyoya kwa mzazi mmoja tu. Akiirithi kwa wote wawili, huwa hivyo nilivyowaona, na hilo, wazazi wote wawili wakiwa vidimu, kwa wastani humpata mmoja katika kila wanne. Kwa kuku wa miguu mifupi mno hali ni nzito zaidi, kwani robo hiyo hufa ndani ya yai kabla haijaonwa na mtu. Hapo ndipo swali la pili la mzee lilipofumbuka mbele yangu. Kuna pambo ambalo haliwezi kupandishwa kwa lenyewe pasi na mtu mwingine kulilipia, na mlipaji huyo anajulikana idadi yake kabla hajaumbwa. Mfugaji anayejua hesabu hii akaendelea hawezi tena kusema kwamba ni qadari.

Watu huniambia kwamba nachuja mbu, kwa kuwa mimi mwenyewe nala pilau la kuku. Jawabu langu ni kwamba kuku wa kitoweo, ijapokuwa mauti yake ni ya mapema, ana mahali pake katika sheria: kisu chake kina makali yaliyoamrishwa, jina la Mungu hutajwa juu yake, na njaa ya aila ndiyo udhuru. Lakini kifaranga anayenyongwa kwa kuwa kishungi chake kimelala upande, au kwa kuwa amezaliwa jogoo mahali palipotakiwa mitetea, jina gani litatajwa juu yake? Ujerumani, tangu tarehe 1 Januari 2022, imepiga marufuku kuwaua vifaranga madume wa kuku wa mayai siku wanayototolewa, na gharama ya kuacha imewaangukia wanunuzi wa mayai. Sijui kama waliifikia sheria hiyo kwa kumcha Mungu au kwa kuona haya. Vyote viwili hufika mahali pamoja.

Tangu masika yale nampandisha kidimu kwa kuku wa manyoya laini. Nusu ya watoto hutoka vidimu, nusu hutoka kuku wa kawaida kabisa, na robo ile haizaliwi. Hasara yake ni kwamba mnunuzi aliyetoka Tegeta na gari lake alichagua vidimu wote akawaacha wale wengine, akiniuliza kwa mshangao kwa nini sijawaondoa. Ninao kumi na mmoja sasa. Wanakula sawa na wenzao.

Na yule wa tatu, aliyepona, bado yupo; ana miezi tisa, hana unyoya wa kutosha kujaza kiganja, na mchana kutwa hulifuata jua ukutani kadiri linavyosogea. Sijajua kama kumweka ni huruma au ni kujionyesha nafsi yangu kosa langu kila asubuhi, jambo ambalo nalo lina kiburi ndani yake. Juzi jirani yangu alisimama pale pale pa siku zote, akamtazama, akaniuliza: "Na huyu, Mwalimu, wamfuga kwa nia gani?" Nikamwambia jua limehama, nikaingia bandani kumsogezea maji.