Zamu ya Mwisho

Tarehe 17 Januari 2002 mlima wa moto Nyiragongo uliteremsha mawe yaliyoyeyuka mjini Goma, yakafunika nyumba, maduka na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Wenyeji walirudi, wakajenga juu ya mawe yale yale.

Mtaa maskini huinuka kwa ushirika. Wauza sambaza hufanya likelemba: kila mmoja hutoa fungu lake, na mmoja hupokea yote kwa zamu. Je, aliyepokea kwanza amepata mali yake? Hapana. Fungu moja ni lake. Mengine ni ya wenzake wanaongoja. Akiacha kutoa, haibi fedha tu, bali avunja imani, nao ndio mtaji wa mtaa mzima.

Mwaka 1931 Papa Pius XI alifundisha kwamba wadogo wasinyang'anywe kazi wanayoiweza. Basi, ndugu wasomaji, kazi hiyo tuitunze kwa haki, hata zamu ya mwisho.