Tuwape Watoto Nafasi ya Kuigiza

Mtoto akirudi kutoka shule amenuna, wengi wetu tunamwambia, "Acha kudeka," kisha tunaendelea na shughuli zetu. Hasira ile haiishi; anaimeza, na kesho anampiga mwenzake. Njia moja ya kumsaidia aitoe ni kumwacha aigize.

Mwaka 1996, Penina Mlama na Amandina Lihamba, walimu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha mradi wa TUSEME kwa wasichana wa sekondari. Wanafunzi wenyewe hutafuta yanayowasumbua, huyatungia mchezo na kuuigiza mbele ya walimu na wazazi, kisha watazamaji hujadili. Binti aliyeogopa kusema kwamba ananyanyaswa anayasema kwa kinywa cha mhusika. Aibu anaibeba mhusika, nafuu anaipata yeye.

Hata watoto wa darasa la tatu wanaweza kuigiza hivyo. Mwalimu anawaomba wawili waigize ugomvi wa kugombea penseli. Sauti zinapanda, ngumi inakunjwa. "Simameni hapo hapo!" Wote wanaganda. Mwenye ngumi anaulizwa: moyo unakwendaje? Ungefanya nini kingine? Kisha wanabadilishana nafasi, mnyang'anyi anakuwa mnyang'anywa. Mavazi hayahitajiki wala jukwaa; madawati yakisogezwa ukutani inatosha. Kwangu mimi, somo hili lina uzito sawa na hesabu.

Mwalimu unayenisikiliza ukielekea kazini, tafadhali, tenga nusu saa leo mchana uwape watoto wako nafasi waigize.