Mnyapara Aliyenyimwa Majani

Somo: Kutoka 5:6–23

Tukisoma Kutoka sura ya 5, macho hukimbilia kwa Farao na Musa. Leo tuwaangalie wanyapara. Hawa walikuwa Waisraeli waliowekwa kuwasimamia ndugu zao. Farao alipokataza watu wasipewe majani makavu ya kufanyia matofali, hesabu ya matofali haikupunguzwa hata moja. Hesabu ilipopungua, nani alichapwa? Mnyapara! Majani hakuyazuia yeye, lakini fimbo ilimshukia yeye.

Nilipokuwa nasomea biashara tulifundishwa kwamba ukimpa mtu jukumu, mpe na uwezo. Farao alitoa jukumu, uwezo akabaki nao. Na mabosi wa namna hiyo hawakuishia Misri.

Humu kanisani tunao manesi wanaoongoza zamu, kuanzia Diani hadi Msambweni. Tunao dada wanaosimamia wahudumu wa wazee, wakiwemo wageni waliostaafu huku pwani. Mmoja alinieleza hali yake. Mahali pa kazi sipataji. Usiku ana wahudumu wawili tu, glavu zimeisha, bosi hashiki simu. Mzee akitoka kidonda mgongoni kwa kutogeuzwa kitandani, barua ya onyo huja kwa jina la dada huyu. Huyo ni mnyapara kabisa. Sasa afanye nini?

Kwanza, usiipitishe fimbo. Bosi anakufokea, wewe unamfokea mhudumu, mhudumu anamalizia kwa mzee asiyeweza hata kujigeuza. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Wanyapara wa Kutoka 5 twasoma kwamba walichapwa. Hatusomi kwamba waligeuka kuwachapa ndugu zao. Fimbo iishie kwako kwa jina la Yesu!

Pili, panda juu ukaseme. Mstari wa 15 waonyesha walimwendea Farao mwenyewe. Hawakutukana. Walieleza: majani hatupewi, matofali twadaiwa, na sisi ndio tunapigwa. Basi nawe andika: tarehe, zamu, wahudumu wangapi, nini kimekosekana, uliomba lini. Peleka, ubaki na nakala. Na mjue haki yenu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, inasema kumlalamikia mwajiri si sababu ya haki ya kukufuta kazi, isipokuwa ikionyeshwa kwamba malalamiko hayana msingi. Unyenyekevu si ububu, wapendwa.

Tatu, usimrukie asiye adui. Farao aliwaita wavivu. Walipotoka pale wakamlaumu Musa. Mnakumbuka mgomo wa manesi wa 2017, kuanzia Juni 5 hadi Novemba 2? Mgonjwa aliyekosa huduma hakuwaona waliokuwa wakivutana mezani juu ya mkataba wa mishahara. Aliyemjua ni nesi jirani yake, akamlaumu huyo. Hasira hupenda kumshukia aliye karibu. Ukitoka kazini umeumia, mume na watoto hawakukunyima glavu.

Musa naye aliumia, lakini alirudi kwa Bwana akamuuliza maswali magumu, bila kupamba. Mungu hakumkemea. Alimjibu kwa ahadi, sura ya 6.

Tena tuseme ukweli: hatusomi popote kwamba Farao aliyarudisha majani. Mungu aliwatoa watu Misri. Kwa hiyo mwingine ataomba na bosi atabadilika. Mwingine atafunguliwa mlango kwingine, na kuondoka kwake si kukosa imani. Ila usiache kazi kwa hasira ya siku moja na karo ya mtoto inakungoja. Tafuta mlango huku ukimgeuza mzee wako kwa upole, maana Kristo alisema lililotendewa mdogo ametendewa yeye.

Jumatano baada ya maombi, wote mnaosimamia zamu tubaki. Njooni na daftari na kalamu. Tutaomba, kisha tutasaidiana kuandika hizo barua.

Tuombe: Bwana, mwone mnyapara aliye katikati. Mpe kinywa cha kusema huko juu na mkono mwororo kwa walio chini yake. Amina.