Mbao Mpya, Daraja Lile Lile?

Jembe la babu limebadilishwa mpini mara tatu na chuma mara mbili. Bado ni la babu? Hapa Babati, tunaoishi kwa kulima, wengi tungejibu haraka: ndiyo, mradi bado linalima shamba lile lile.

Kwa hesabu hiyo, Daraja la Kapellbrücke huko Lucerne, Uswisi, halina kesi. Ni daraja la mbao lenye paa, la karne ya 14. Liliungua usiku wa Agosti 18, 1993, na Aprili 1994 likafunguliwa tena. Mbao nyingi ni mpya, lakini watu wanavuka mto Reuss kama zamani.

Sasa njoo kwetu, Zanzibar, ambako jibu linakuwa gumu. Majumba ya sultani pale Forodhani, yaani Beit el Ajaib, Beit el Hukm na Beit el Sahel, yaliunganishwa kwa vivuko vya mbao vyenye paa. Havikuvuka maji, vilipita juu ya njia za watu. Beit el Hukm ilikuwa nyumba ya wanawake, na humo juu waliweza kupita bila kuonwa na walio chini. Agosti 27, 1896, manowari za Waingereza zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja. Beit el Hukm ikabomolewa, haikujengwa tena. Beit el Ajaib ilibaki, hadi sehemu yake ilipoporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili.

Tuseme vivuko vile vijengwe upya. Jembe huhifadhiwa kwa kulima. Je, kivuko kilichojengwa ili kuficha watu tukihifadhi kwa kazi gani? Wengi wa masuria wa majumba yale walifika Unguja wakiwa watumwa. Utasema, hayo yamepita, kwani lazima tuuchafue uzuri? Mimi naona uzuri hauchafuki kwa kusemwa ukweli wake.

Kwa hiyo mbao mpya hazinisumbui hata kidogo; fundi akichonga vizuri, nitampongeza. Kitakachonisumbua ni kibao cha maelezo kitakachosifia ufundi halafu kikaishia hapo, kisimtaje aliyepita ndani bila kuonwa, wala aliyepita chini bila ruhusa ya kuinua macho. Hapo tutakuwa tumejenga daraja zima na kuendelea kuwaficha wale wale.