Maji ya Zurich

Januari 1525, mjini Zurich, Conrad Grebel alimbatiza Georg Blaurock, mtu mzima aliyekwisha kubatizwa utotoni. Miaka miwili baadaye mwenzao, Felix Manz, alitoswa katika mto Limmat kwa amri ya baraza la mji, akafa. Kwa nini baraza liogope maji kidogo hivyo? Kwa sababu kumbatiza mtoto kulikuwa pia kumwandikisha raia; anayejichagulia imani amemwondoa mtawala kwenye mlango wa dhamiri. Watakaopinga watataja mji wa Münster, ambako mwaka 1534 Waanabaptisti, yaani wabatizaji wa watu wazima kama hao wa Zurich, walishika upanga na kuwafukuza waliokataa kubatizwa. Ni kweli, tena ni aibu. Lakini pale walirudia kosa lilelile la Zurich, la kuilazimisha imani. Menno Simons, aliyeacha upadri mwaka 1536 akajiunga na Waanabaptisti, aliupinga upanga huo waziwazi.