Motokaa Kuukuu na Sadaka kwa Vipofu

Mtu anayesafiri katika Marekani na kufungulia redio ya motokaa hatakosa kusikia tangazo la namna hii: kama unayo motokaa kuukuu, hata ile isiyowaka, itoe kwa ajili ya vipofu. Lori litakuja kuichukua mlangoni pako bila malipo, wenye shida watasaidiwa, nawe utapunguziwa kodi. Maneno ni matamu, na yote matatu yaweza kuwa kweli. Lakini mambo matatu yanapofungwa katika tita moja, yafaa tita lifunguliwe tuone kuni gani zimo.

Twaandika habari hii kwa kuwa jamaa zetu nyingi zina watoto na ndugu waliohamia kule, nao siku moja wataulizwa watafanya nini na motokaa iliyozeeka. Tena swali lililomo si la Marekani peke yake. Kila nyumba inacho kitu kilichokwisha kazi, na kila nyumba yaweza kujiuliza: nikikitoa kitu nisichokihitaji tena, nimetoa sadaka, au nimefagia uwanja tu?

Kwanza tueleze jinsi mambo yanavyokwenda. Kipofu haipokei motokaa ile, wala haipandi. Mara nyingi hata chama kinachotajwa katika tangazo hakiioni kwa macho. Wapo mawakala wanaofanya kazi hiyo kwa niaba ya vyama: hupokea simu, huleta lori la kukokotea, huipeleka motokaa mnadani, au, ikiwa haifai kabisa, huiuza kama chuma chakavu. Bei ikipatikana, hutolewa gharama za lori, za mnada na za matangazo, pamoja na ujira wa wakala. Kinachobaki ndicho kinachokifikia chama. Vyama vingine hupewa fungu katika kila mia. Vingine hupewa kiasi kile kile kwa kila motokaa, iwe imeuzwa ghali au rahisi. Hakuna dhambi katika hayo. Mwenye lori naye ana watoto wa kulisha. Shida huanza pale mkono wa kati unaposhiba kuliko mkono wa mwisho.

Mwaka 2003 ofisi inayolikagulia Bunge la Marekani hesabu za serikali ilitoa taarifa juu ya jambo hili. Ilikadiria kwamba kwa mwaka wa kodi wa 2000 hati za kodi zipatazo 733,000 zilidai punguzo kwa ajili ya magari yaliyotolewa sadaka, na kodi iliyopungua kwa sababu hiyo ilifika dola milioni 654. Kisha wakaguzi waliyafuata magari 54, moja moja, kutoka kwa mtoaji mpaka kwenye chama. Katika theluthi mbili hivi ya magari hayo, chama kilipata sehemu tano katika mia, au chini yake, ya thamani aliyoiandika mtoaji. Lori moja la mwaka 1983 liliuzwa mnadani dola 375. Gharama zilipokwisha kutolewa, chama kilipata dola 31 na senti 50. Na mwenye lori alikuwa ameiandikia serikali kwamba ametoa mali ya dola 2,400.

Tuitazame hesabu hiyo polepole. Yawezekana mtu huyo hakukusudia uongo. Labda alitafuta bei ya lori zima lenye afya, akaiandika. Hata hivyo, kati ya zile 2,400 na hizi 31 na nusu kuna shimo, na shimo halikai wazi. Punguzo la kodi alilolipata lilikuwa mzigo uliowaangukia walipa kodi wengine wote, na miongoni mwao wamo vipofu wenyewe, maana kipofu mwenye kazi hukatwa kodi kama mtu mwingine yeyote. Basi katika safari ile ya lori kuukuu, msaidiwa alichangia sehemu ya zawadi aliyopewa.

Bunge liliona, na mwaka 2004 likatunga sheria iliyoanza kutumika Januari 2005. Tangu hapo, motokaa ikidaiwa zaidi ya dola 500, na chama kikaiuza hivi hivi, mtoaji hawezi kudai zaidi ya bei iliyouzwa, na chama lazima kimpe hati inayoitaja bei hiyo. Sheria hailazimishi hivyo kama chama kitaitumia motokaa chenyewe katika kazi zake, au kitaitengeneza vya kutosha, au kitampa maskini, ama kumwuzia kwa bei nafuu. Lakini wasomaji waangalie: sheria inaitazama bei ya mnada, haitazami kile kilichofika chamani. Hazina ya serikali imepata mlinzi. Mfuko wa chama bado unamtegemea mtoaji mwenye macho. Tena tangu mwaka 2018 kile kiasi cha mapato ambacho kila mmoja anaruhusiwa kukitoa bila maelezo kimekuwa kikubwa hata walio wengi hawana faida kuorodhesha sadaka zao. Kwa watu hao ahadi ya tatu ya redio ni maneno matupu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Nabii Malaki aliwakemea makuhani waliopeleka madhabahuni wanyama vipofu, vilema na wagonjwa. Aliwaambia wamjaribu liwali wao kwa zawadi kama hiyo waone kama atafurahi. Wapo watakaolichukua neno hilo na kuihukumu motokaa isiyowaka. Sisi hatuoni hivyo. Mnyama wa madhabahu alitolewa kwa heshima, na heshima yataka kilicho bora. Sadaka kwa mhitaji hutolewa kwa sababu ya haja yake, na mwenye njaa haulizi kama sufuria ni mpya. Motokaa iliyokufa ina chuma ndani yake, na chuma kina bei. Kuiacha iote kutu nyuma ya nyumba ili tusionekane tunatoa makombo kungekuwa ni kujali sura yetu kuliko haja ya mwenzetu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba kinachomzidi mtu, akiisha kujitunza yeye na wanaomtegemea, ni wajibu kukitoa kwa mhitaji; kutoa katika kile kinachomfaa kwa maisha ya hali yake ni shauri jema, si amri. Kwa kipimo hicho motokaa ya pili, iliyolala nyuma ya nyumba, ni deni linalolipwa. Mtu anayelipa deni hastahili kutupiwa vigelegele, lakini ana jambo moja la kuhakikisha, nalo ni kwamba fedha zimemfikia anayemdai. Akimkabidhi mpita njia bahasha na kwenda zake, hatuwezi kusema amelipa.

Tuchukue mfano. Mtu ana motokaa inayoweza kuuzwa kwa jirani dola 1,000, naye ni wa ngazi ya kodi ya 22 katika mia, tena ni miongoni mwa wale wachache wanaoorodhesha sadaka. Akiiuza mwenyewe na kuzipeleka dola 1,000 zote chamani, chama kina 1,000 na kodi yake yaweza kupungua mpaka dola 220. Akiiita lori, motokaa itakwenda mnadani, ambako wanunuzi wengi ni wafanya biashara wanaotaka faida yao. Bei itakuwa pungufu, gharama zitakatwa, na punguzo lake la kodi litafuata bei ile pungufu. Vipofu wamekosa, naye amekosa. Kwa nini basi watu wengi huchagua njia ya lori? Kwa sababu kuuza kuna adha. Yataka kuiosha motokaa, kupokea simu za watu wasio na nia, kubishana bei, kupoteza Jumamosi mbili. Nasi twathubutu kusema kwamba zile Jumamosi mbili ndizo sadaka hasa. Motokaa ilikuwa imemzidi. Jumamosi zilikuwa zake.

Lipo jambo jingine linalotugusa zaidi, nalo ni picha ya kipofu iliyomo katika matangazo mengi: mtu aliyekaa, anangoja. Mwaka 1940, katika mji wa Wilkes-Barre, Pennsylvania, vipofu waliunda Shirikisho lao la Taifa. Rais wake wa kwanza, Jacobus tenBroek, alikuwa kipofu, mwanasheria, na baadaye mwalimu wa chuo kikuu kule California. Shirikisho hilo limeshikilia tangu mwanzo kwamba ni la vipofu wenyewe, si la watu wanaowasemea. Nalo hupokea motokaa zinazotolewa sadaka. Ni Shirikisho hilo hilo lililofanya mnamo tarehe 29 Januari 2011 jambo ambalo wengi hawakulitazamia: Mark Riccobono, kipofu, aliendesha motokaa peke yake usukanini katika uwanja wa mashindano wa Daytona, Florida. Glavu zilizotetemeka vidoleni zilimwambia akate kona wapi, na kiti kilichotetemeka kilimwambia mwendo. Gari lililomtangulia lilitupa maboksi njiani, naye akayakwepa. Miaka mitatu baadaye alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho.

Na katika mwezi ule ule wa Januari 2011 ilitiwa sahihi sheria iliyodaiwa kwa miaka na vipofu wa Marekani: kwamba motokaa za umeme, na zile zinazochanganya umeme na petroli, zitoe sauti zinapokwenda polepole, maana mwenye fimbo nyeupe huvuka barabara kwa masikio. Watu walikuwa wakiwapelekea motokaa kuukuu, na wao haja yao ilikuwa kwamba motokaa mpya zisikike. Marko anatusimulia kwamba karibu na Yeriko Bwana wetu alimsimamisha Bartimayo na kumwuliza anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulikuwa dhahiri kwa umati wote, na umati ulikuwa umekwisha kumwambia anyamaze.

Kwa hiyo ndugu zetu walioko kule wakituuliza, tutawajibu hivi. Kabla ya kupiga simu, kitafuteni chama chenyewe, si wakala. Vyama vya hisani kule, vingi vyao, hupeleka serikalini kila mwaka hati iitwayo Fomu 990, nayo yasomwa na yeyote atakaye. Humo chama kinachopokea magari kwa wingi huonyesha kimepokea mangapi, na mawakala wakubwa wa kuchangisha wamebaki na kiasi gani. Ulizeni katika kila dola mia ya mnada ngapi zinafika, na zikifika zafanya nini: zamfundisha nani kutumia fimbo, zamchapia nani vitabu vya nukta nundu, na katika baraza la chama wamo vipofu wangapi. Chama chema hakitakasirika kuulizwa. Motokaa inayotembea, mwenye nguvu na nafasi aiuze mwenyewe. Mjane mzee ambaye motokaa ya marehemu imemkalia mlangoni, asiyejua kupatana bei wala hana wa kumsaidia, huyo aliite lori bila wasiwasi wowote. Lori liliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Ila aijaze hati ya umiliki kwa jina la anayeipokea, asiiache wazi, na aiarifu ofisi ya magari ya jimbo lake siku ile ile, kwa sababu motokaa isiyobadilishwa jina huendelea kumletea mwenye jina faini za barabarani.