Na risiti au bila risiti?

Ukiulizia bei ya marumaru Kariakoo, Dar es Salaam, mara nyingi unajibiwa kwa swali: "Unataka na risiti au bila risiti?" Muuzaji anauliza kwa wepesi uleule wa muuza chai anayetaka kujua kama akuwekee sukari. Bila risiti mzigo ni 500,000. Ukitaka risiti unaongeza 90,000, kwa kuwa VAT ni asilimia 18. Wengi hawachukui hata dakika kuamua.

Kisheria, muuzaji asiyetoa risiti ya mashine ya kodi (EFD) ana kosa, na mnunuzi asiyeidai ana kosa vilevile. Wote wawili wanajua. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" imesemwa redioni mpaka watoto wa shule wanaijua kwa kichwa. Mashine zenyewe zipo tangu mwaka 2010. Na bado bei ni mbili.

Wenye maduka wana hesabu yao. Jirani anauza bila risiti. Ukitoa peke yako, wateja wanahamia mlango wa pili. Halafu mauzo yaliyopita kwenye mashine ndiyo yatakayokuletea makadirio makubwa mwakani, wakati yule aliyejificha anakadiriwa kidogo. Aliyejitokeza ndiye anayebanwa. Mimi sikubaliani nao mpaka mwisho, maana ile 90,000 tangu mwanzo si ya mwenye duka. Yeye anaikusanya tu na kuipeleka. Lakini siwezi kusema wanadanganya.

Mei 2023 walifunga maduka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kukutana nao Mnazi Mmoja, akasikiliza habari za kamatakamata na za usajili wa stoo, akatoa maagizo palepale. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Watu waliotoka mikoani kufuata mzigo walipata hasara, na nchi ilipata hasara. Hata hivyo, nikiitazama migomo ile leo, naona jambo ambalo wengine wetu hatujawahi kulipata: mlipakodi na serikali yake wakibishana ana kwa ana, kila mmoja akilazimika kujieleza.

Mpangaji wa chumba kimoja Mbagala abishane na nani?

Yeye anapigiwa hesabu kwenye mita ya umeme. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Sheria inasema kodi hii ni ya mwenye jengo. Ila anayenunua umeme ni mpangaji, na mita haijui hati ya nyumba ina jina la nani. Serikali ilishauri mpangaji na mwenye nyumba waelewane, mpangaji arudishiwe au akatiwe kwenye pango. Ushauri mzuri, kwa mtu ambaye hajawahi kupanga. Dar es Salaam pango hulipwa miezi sita au mwaka mzima mbele, na anayesubiri chumba hicho yuko nje anachungulia. Mama mmoja mpangaji alijaribu kulianzisha jambo hilo kwa heshima zote: "Shikamoo mzee. Ile elfu na mia tano ya kila mwezi, naona ingekuwa..." Mzee hakumwacha amalize. "Marahaba mwanangu. Kwani taa nawasha mimi?" Yakaisha hapo.

Bado kuna suala la kiwango. Nyumba ya kawaida ni nyumba ya kawaida, iwe na bustani na geti la umeme Masaki au iwe vyumba viwili vya bati lililochakaa. Ni 1,500 kote. Kodi ya aina hii ni rahisi kukusanya kwa sababu haimtazami anayelipa.

Watu hawajapiga kelele sana juu ya hili, na nadhani najua kwa nini. Linganisha na tozo ya miamala ya simu. Ilianza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Ile ilionekana kwenye ujumbe wa simu kila mara mtu alipomtumia mama yake kijijini hela ya dawa, na nchi nzima ikaijadili: vijiweni, kwenye daladala, bungeni. Serikali ikajieleza kwamba fedha zinajenga vituo vya afya, madarasa na barabara. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka 2022 ikapunguzwa tena, na bajeti ya 2023/24 ikafuta tozo ya kutuma. Mjadala ule ulikuwa na matusi mengi na hesabu nyingi za uongo, lakini ulifanya kazi. Kodi iliyouma ilipata majibu. Ya LUKU inakatwa kidogokidogo, ndani ya matumizi ambayo huwezi kuyaacha, na hakuna wa kumjibu mtu ambaye hajauliza.

Hapa ndipo bei mbili za Kariakoo zinapokutana na mita ya Mbagala. Ibara ya 138 ya Katiba yetu inakataza kodi yoyote kutozwa isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge, na sheria zote hizi zimepita Bungeni. Lakini kati ya kodi iliyo halali na kodi inayokusanyika kuna tofauti, na serikali yoyote inayohitaji fedha itakwenda kwenye ile inayokusanyika. Kila mzigo unaotoka dukani bila risiti unaifundisha Hazina kwamba dukani ni kugumu na mitani ni kwepesi. Aliyeokoa 90,000 kwenye marumaru ana nyumba anayoijenga. Pengo aliloliacha halibaki wazi. Linazibwa na watu wanaonunua umeme wa buku mbili. Sijasikia mwenye duka wala mteja wake akilifikiria hilo, wala ofisa wa kodi akilieleza hivyo. Maofisa hutuambia tu kwamba kodi ni maendeleo.

Oktoba 2024 Rais alizindua Tume ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue. Wafanyabiashara walikuwa na mengi ya kuiambia kuhusu viwango na makadirio, na walikuwa na haki hiyo. Mimi ningeomba jambo dogo zaidi. Ujumbe wa LUKU unaoonyesha makato ya jengo uandike wazi kwamba deni hili ni la mwenye nyumba, na sheria imruhusu mpangaji kukata kiasi hicho kwenye pango kwa kuonyesha ujumbe huo, bila kuomba ruhusa. Baada ya hapo wenye nyumba ndio watakaokwenda kudai ofisini kwa nini Masaki na Mbagala zinalipa sawa. Nao, tofauti na yule mama, watasikilizwa.